Tahadhari: Msiwanyime Mabinti Chanjo ya HPV kwa Sababu ya Uvumi

Wazazi na walezi wa Kifaru, Mwanga, Same na vijiji vyote vya milima ya Upare, maneno kwamba chanjo ya HPV inaharibu kizazi si ya kweli. Kinachoharibu kizazi, na kumwondoa mama mwenyewe, ni saratani ya mlango wa kizazi, inayoletwa na kirusi cha HPV. Hakuna saratani inayoua wanawake wengi zaidi nchini. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000.

Wapo wanaosema, "Mwanangu ana afya, kinga yake itapambana." Ni kweli mwili una ulinzi mkali. Seli uaji, aina ya chembe nyeupe za damu, huzunguka zikikagua seli nyingine. Karibu kila seli huonyesha kwenye utando wake wa nje vipande vya protini inazotengeneza ndani, na hivyo ndivyo kitambulisho chake. Seli uaji ikikuta humo kipande cha kirusi, huing'ang'ania seli hiyo, huitoboa matundu na kupenyeza vimeng'enya vinavyoifanya ijiue. Kisha hujibandua na kwenda kwa nyingine, na seli jirani hubaki salama. Zipo pia seli uaji za asili, ambazo hazihitaji kumjua adui kwanza. Seli isiyoonyesha kitambulisho tayari imejitia mashakani.

Hatari ni kwamba HPV hujua kujificha. Hukaa kwenye tabaka la juu la mlango wa kizazi, mbali na damu. Haipasui seli wala kuleta homa, na hupunguza vile vipande ambavyo seli uaji huvitafuta. Wanawake walio wengi hukishinda kirusi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki kimya, na baada ya miaka 15 hadi 20 huzaa saratani. Kwa anayeishi na VVU hatari ni takriban mara 6, kwa kuwa VVU huangamiza seli za CD4, ambazo ndizo zinazozisaidia seli uaji kufanya kazi.

Ndiyo maana chanjo hutolewa mapema. Imetengenezwa kwa protini za ganda la kirusi tu, bila kirusi chenyewe, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtoto. Huufundisha mwili kutengeneza kingamwili zinazomkamata adui kabla hajaingia ndani ya seli. Akishaingia, chanjo haimtoi. Kumsubirisha binti ni kumwachia adui mlango wazi.

Chanjo hii si ngeni kwetu. Mkoa wetu wa Kilimanjaro uliijaribu mwaka 2014, kabla haijaenea nchi nzima mwaka 2018. Wasichana waliochanjwa wakati ule sasa ni watu wazima. Tangu 2024 dozi ni moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Huko Mwanza, utafiti kwa wasichana 930 ulionyesha kuwa dozi moja huleta kinga inayodumu.

Fanyeni haya sasa:

Binti wa miaka 9 hadi 14 ambaye hajachanjwa apelekwe zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, hata kama haendi shule. Msingoje avuke umri.

Akina mama wa miaka 30 na kuendelea wakapimwe, na wanaoishi na VVU waanze wakiwa na miaka 25. Muuguzi hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye dalili za mabadiliko hugeuka nyeupe. Mabadiliko yakigunduliwa katika hatua hiyo, hutibika kabla hayajawa saratani.

Mwenye kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, katikati ya hedhi au baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya, aende hospitali mara moja.

Na mtu akiwaletea uvumi huu, msiusambaze. Mwelekezeni kwa mhudumu wa afya, aulize mbele yenu na ajibiwe mbele yenu.