Migomba inanyauka, tunamtafuta mchawi

Wiki iliyopita nilikuwa Muleba kuandika habari ya mnyauko wa migomba. Kichwa cha habari nilishakuwa nacho kabla sijapanda basi: wakulima wakaidi. Si ndivyo tulivyozoea, jamani? Likitokea tatizo, sisi waandishi tunatafuta wa kumnyooshea kidole.

Mnyauko huu uligundulika Kagera mwaka 2006, huko huko Muleba. Uganda walikuwa nao tangu 2001. Ni bakteria, na hauna dawa ya kupulizia. Nyuki akitua kwenye ua dume la mgomba mgonjwa anaupeleka kwa jirani. Kibarua anapunguza majani kibanja hiki asubuhi, mchana yuko kingine na panga lile lile. Hata chipukizi unalompa shemeji yako kwa moyo mweupe linaweza kuubeba.

Agizo la miaka ile lilikuwa kung'oa shina zima na machipukizi yake. Mzee mmoja akanisimulia: "Mwanangu, ningesema, wangekuja kung'oa. Ningekula nini?" Ukumbuke kwa Mhaya kibanja ndiyo chakula, na kaburi la babu yake limo humo humo. Mzee akanyamaza, jirani yake naye akanyamaza. Kijijini kwao, agizo lilivyokazwa ndivyo ugonjwa ulivyofichwa, ulivyofichwa ukasambaa, na uliposambaa agizo likakazwa tena. Hapo mkaidi nani?

Chuoni tulifundishwa jambo hili, wakaliita fikra za mfumo: usikitazame kitu peke yake, tazama kinavyoshikana na vingine. Nililijibu kwenye mtihani, nikalisahau.

Baadaye watafiti walionyesha kwamba unaweza kukata mgomba unaoumwa tu, chini kabisa, mara dalili zinapoonekana, na kurudia kila unapojitokeza mwingine. Ua dume linaondolewa kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Panga linapitishwa motoni. Bakteria ni yule yule, ila sasa mkulima anabaki na ndizi, hivyo hana sababu ya kuficha. Lakini jirani asipofanya, nyuki hajui mpaka wa kibanja.

Habari niliyopeleka haikuwa na mkosaji. Mhariri akaniuliza, "Sasa kichwa chake kiwe nini?"

Mpaka leo hatujakubaliana.