Kulala Kambini Bila Hema

Majira ya makambi ya kanisa yakifika, wengi wetu hapa Mwanjelwa tunabeba mikeka, masufuria na watoto. Mahema hayatoshi, basi tunajenga vibanda vya miti, majani na turubai. Tukumbuke kwamba Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Ardhi hunyonya joto la mwili. Tutandike majani makavu kwa wingi, kisha turubai, mkeka na blanketi. Mtoto mchanga avishwe kofia na soksi, abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, kama walivyoanza kufanyiwa watoto njiti huko Bogotá, Colombia, mwaka 1978.

Jiko la mkaa libaki nje. Hata makaa yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu; aliyelala huivuta asiamke tena. Akina baba wakisema liingizwe kidogo tu watoto wapate joto, tukatae kwa upole, lakini tukatae.

Mtoto akikohoa, tuhesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, tusingoje mahubiri yaishe. Twende zahanati usiku huohuo. Maombi tutaendelea nayo njiani.