Jirani Asubiri Zamu Yake Mnadani

Tangazo la mnada wa nyumba ya mdaiwa likishabandikwa ukutani, mtaa mzima husema neno moja: jirani apewe kwanza, asije mgeni akatuharibia mtaa. Ni kauli yenye sura ya utu, ila inamsahau mdaiwa ambaye nyumba yake inauzwa.

Hapa Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyopungua thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki huchukuliwa kuwa imevunja wajibu huo mpaka ijitetee. Kinga hii ni ya mdaiwa. Gharama na deni vikishalipwa, salio ni lake. Fedha zikipungua, anaendelea kudaiwa. Kwa hiyo kila shilingi anayopunguziwa jirani inatoka mfukoni mwa mtu ambaye tayari amepoteza nyumba.

Sasa mpe jirani haki ya kwanza. Nani atafunga safari kutoka Nakuru hadi Mombasa, aweke amana, apandishe dau, huku akijua kuna mtu upande wa pili wa ukuta atakayeichukua kwa bei hiyohiyo? Hatakuja mtu. Jirani naye anajua hilo, na atangoja bei ishuke. Anayefaidika na kuanguka kwa mdaiwa ndiye tunayetaka kumpendelea!

Pwani utasikia hoja ya shufaa, haki ya kununua kwanza katika sheria ya Kiislamu. Lakini madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa huku, humpa haki hiyo mshirika katika mali, si jirani. Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi ndio wanaomwongeza jirani, naye hulipa bei aliyolipa mnunuzi.

Wengine hutaja Detroit, ambako benki ya ardhi ya mji imekuwa ikiwauzia wenye nyumba viwanja vitupu vya kando kwa dola 100. Hilo silipingi hata kidogo. Ardhi ile ni ya umma, magugu yameota, na hakuna mdaiwa anayengojea salio.

Jirani mwenye huruma ya kweli ana nafasi kabla ya mnada. Sheria inampa mdaiwa angalau miezi mitatu ya kulipa, kisha ilani ya kuuza ya siku 40. Katika muda huo anaweza kuuza mwenyewe kwa ridhaa ya benki. Jirani aende basi akabishe hodi, na bei ya soko mkononi.