Mcheza kwao hutunzwa

Mapenzi ya mtu kwa timu yake hayaanzi kwa hoja. Huanza utotoni, kabla mtu hajajifunza kupima sababu, na mara nyingi huanza pembeni ya mtu mzima anayeaminiwa. Shabiki mwenye mvi akiulizwa alianzaje kuifuata timu yake, hataji kwanza idadi ya vikombe wala majina ya viongozi. Hutaja chumba, redio iliyokuwa juu ya kabati, na baba ambaye siku nyingine zote alikuwa mkali wa saa ya kulala, lakini usiku ule akamwacha mtoto akae mpaka mchezo umalizike.

Jambo hili ni dhahiri katika jimbo la North Carolina, nchini Marekani. Huko mpira wa kikapu wa vyuo vikuu umekuwa sehemu ya malezi ya watu kwa muda mrefu. Timu iliyopendwa na wengi haikuwa mali ya kampuni wala ya tajiri mmoja. Ilikuwa ya chuo kikuu cha umma kilichopo katika mji wa Chapel Hill, ambacho kilifungua milango yake mwaka 1795. Mkulima wa tumbaku ambaye hakupata kukanyaga darasa la chuo hicho alikiita chake, na akamrithisha mwanawe neno hilo. Habari za mashabiki hao zinastahili kufikiriwa na mwalimu na mtumishi wa umma popote alipo, kwa sababu zinahusu namna mali ya umma inavyopendwa, na namna inavyoweza kuacha kupendwa.

Wazee wengi wa jimbo hilo huanzia mwezi Machi mwaka 1957. Timu ya North Carolina ilikwenda Kansas City kucheza nusu fainali na fainali ya taifa. Mfanyabiashara mmoja wa matangazo, C. D. Chesley, akapanga michezo hiyo ionyeshwe katika vituo vichache vya televisheni vya jimboni. Televisheni zilikuwa bado si nyingi, hivyo majirani wakakusanyika kwa wale waliokuwa nazo. Tarehe 22 North Carolina iliishinda Michigan State kwa pointi 74 kwa 70 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza. Usiku uliofuata ikakutana na Kansas, iliyokuwa na Wilt Chamberlain, na vikahitajika tena vipindi vitatu vya nyongeza. Zikiwa zimesalia sekunde sita, Joe Quigg alitumbukiza mitupo miwili huru, na mchezo ukaisha kwa pointi 54 kwa 53. Timu hiyo ilimaliza msimu kwa michezo 32 bila kushindwa hata mmoja. Watoto walioushuhudia usiku huo sasa ni wazee wenye wajukuu, na wengi wao husema ushabiki wao ulianzia hapo.

Hapana budi kulitazama jambo moja kwa makini. Wachezaji watano walioanza mchezo ule hawakuzaliwa North Carolina. Walikuwa vijana wa New York na viunga vyake, walioletwa na mwalimu wao Frank McGuire. Hata hivyo wananchi wa jimbo lile waliwaita vijana wao, wala hakuna aliyeona neno hilo kuwa la uongo. Walikuwa wameishi pale, wamesoma pale, na wameonekana mitaani na darasani mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kwao mtu si lazima pawe mahali alipozaliwa. Pawezekana kuwa mahali alipokaa kwa muda wa kutosha hata watoto wa hapo wakajua mwendo wake.

Baada ya mwaka ule Chesley aliendelea kuonyesha michezo ya umoja wa vyuo uitwao Atlantic Coast Conference, ulioanzishwa mwaka 1953. Siku za Jumamosi wakati wa baridi zikawa na utaratibu wake, hata tangazo la kampuni ya bima ya Pilot Life likakaa katika akili za watoto pamoja na majina ya wachezaji. Palipokosekana picha palikuwa na redio. Sauti ya Woody Durham ilitangaza michezo ya timu hiyo tangu mwaka 1971 hadi 2011, na baadhi ya mashabiki walizima sauti ya televisheni ili waangalie picha huku wakimsikiliza yeye. Aidha, kwa miaka mingi, siku ya Ijumaa ya mashindano ya umoja huo, walimu wengi wa jimbo hilo walisukuma televisheni hadi darasani, somo likasimama, na wanafunzi wakatazama pamoja. Mwalimu aliyefanya hivyo alipoteza saa moja ya hesabu. Lakini mtoto wa mwenye shamba na mtoto wa kibarua waliketi safu moja wakishangilia kitu kimoja, na baadhi yao walikikumbuka kipindi hicho kuliko vingine vyote.

Kumbukumbu hizo ni tamu, lakini hazikuwa za watu wote. Timu ya mwaka 1957 ilikuwa ya weupe watupu, katika jimbo lililotenganisha watu kwa rangi. Mtoto mweusi wa Durham au Winston-Salem alikuwa na timu nyingine za kuzipenda, nazo hazikuwa hafifu. Katika chuo cha weusi cha Durham alifundisha John McLendon, ambaye alikuwa mwanafunzi wa James Naismith, mwanzilishi wa mchezo wenyewe, katika Chuo Kikuu cha Kansas. McLendon alisomeshwa na mwenye mchezo, lakini hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo hicho kwa sababu ya rangi yake.

Tarehe 12 Machi 1944, siku ya Jumapili asubuhi wakati watu wako makanisani, vijana wa McLendon walikutana kwa siri na timu ya wanafunzi weupe wa udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Duke. Milango ya ukumbi ilifungwa kwa kufuli. Vijana weusi walishinda kwa pointi 88 kwa 44, kisha timu zikachanganywa, weusi na weupe upande mmoja, wakacheza tena. Habari za mchezo huo hazikuchapishwa mpaka mwaka 1996. Pengine ndio uliokuwa mchezo bora kuliko yote jimboni mwaka ule, lakini hakuna baba aliyeweza kumpeleka mwanawe kuutazama. Ubaguzi uliwanyima watu haki zao za siku hiyo, na pia ukawanyima watoto kumbukumbu ambazo wangeziishi maisha yao yote.

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1967 chuo cha Winston-Salem, kilichopata kuwa chuo cha ualimu cha weusi, kikiongozwa na mwalimu Clarence Gaines na mchezaji Earl Monroe, kilitwaa ubingwa wa taifa wa daraja la vyuo vidogo. Chapel Hill nako Charlie Scott akawa mwanamichezo mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Aliifikisha timu nusu fainali ya taifa mwaka 1968 na 1969. Hata hivyo, mwaka 1969 na 1970 tuzo ya mchezaji bora wa umoja ule ilimpita ikaenda kwa mchezaji mweupe wa South Carolina. Wako mashabiki weusi ambao kumbukumbu yao ya kwanza ni Charlie Scott. Wanakumbuka furaha ya kumwona, na wanakumbuka pia uchungu wa tuzo ile. Historia ya timu inayotaja furaha na kuficha uchungu huo ni nusu ya historia.

Hapo ndipo linapoingia suala la haki ya mchezaji. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kwa muda mrefu vijana hao walicheza kwao, wakajaza kumbi, wakauza matangazo, lakini kutunzwa kwao hakukuzidi ada ya masomo, chakula na malazi. Waliitwa wachezaji wa ridhaa. Wakati huo huo mkataba wa kuonyesha mashindano ya taifa katika televisheni uliongezwa mwaka 2016 kwa miaka minane zaidi, hadi 2032, kwa dola bilioni 8.8. Walimu wa timu walilipwa mamilioni na kampuni za viatu zilipata faida. Kijana aliyevuja jasho uwanjani alikatazwa hata kuuza picha yake mwenyewe. Unyonyaji haugeuki kuwa wema kwa sababu unafanyika katika jengo la chuo kikuu.

Mabadiliko yalikuja kwa kasi. Mwezi Juni mwaka 2021 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa kauli moja ya majaji tisa, iliamua dhidi ya chama cha michezo ya vyuo katika kesi ya malipo yanayohusiana na masomo. Siku chache baadaye wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Mwaka huo huo kanuni ilimruhusu mchezaji kuhama chuo mara moja bila kukaa nje ya uwanja kwa msimu mzima, na baadaye kikomo hicho cha mara moja nacho kikaondolewa. Mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha suluhu inayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja kwa mwaka wa kwanza.

Mashabiki wengi wa zamani wanalalamika. Wanasema mchezaji wa leo huja Oktoba na kuondoka Aprili, na mtoto hawahi kulijua jina lake. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Zamani mchezaji alicheza kwao bila kutunzwa ipasavyo, na sasa anatunzwa bila kupata muda wa kuwa na kwao. Lakini ni kosa kubwa kumtupia lawama kijana. Michael Jordan, mtoto wa mji wa Wilmington aliyefunga kikapu cha ushindi dhidi ya Georgetown mwaka 1982, pointi 63 kwa 62, aliondoka mwaka 1984 kwenda kulipwa, kisha akarudi kumaliza shahada yake mwaka 1986. Hakuna aliyemwita msaliti. Kijana wa leo anayetafuta riziki hastahili kipimo kingine.

Isitoshe, vitu vilivyolea kumbukumbu za mashabiki vilianza kupunguzwa zamani, na waliovipunguza hawakuwa wachezaji. Ukumbi mpya wa Chapel Hill ulipofunguliwa mwaka 1986, ukiwa na nafasi zaidi ya 21,000, viti vya karibu na uwanja vilikwenda kwa matajiri waliochangia ujenzi, na wanafunzi wengi wakasukumwa mbali. Mwaka 2019 umoja ule ulianzisha idhaa yake ya televisheni ya kulipia, na michezo mingi iliyokuwa ikionekana bure ikahamia huko. Baba wa kipato kidogo, ambaye mwaka 1957 angeweza kubisha hodi kwa jirani, leo anaombwa kadi ya benki kila upande. Wakubwa wa michezo waliviuza viti kwanza, wakauza na matangazo, kisha wakashangaa kwamba kijana naye ameanza kuuliza bei yake.

Dawa basi si kuirudisha ridhaa ya zamani. Kijana alipwe, tena kwa mkataba wa miaka unaomlinda akiumia na unaohakikisha masomo yake yanamalizika, ili apate sababu ya kukaa. Sehemu ya michezo ionyeshwe bila malipo, na sehemu ya viti vya karibu wapewe wanafunzi na watoto wa shule. Haki ya mchezaji na kumbukumbu ya mtoto hazigombani. Zote mbili zinagombana na tamaa ya wale wanaoigeuza kila nafasi kuwa bidhaa.

Watanzania nao wamepata kuionja ladha hiyo. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia mwaka 2006, na mwaka 2009 timu hiyo ikafika nusu fainali ya taifa. Mwaka huo huo akachaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wa kulipwa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile kubwa. Wako vijana walioanza kukipenda kikapu kwa sababu yake, na huenda mwalimu mmoja mahali fulani ndiye aliyewaambia kwanza habari zake. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA hayana mikataba ya mabilioni, lakini uwanja wake uko wazi. Mtoto wa darasa la tatu aliyesimama kando ya mstari wa chokaa, akimtazama dada yake akifunga, ameanza kuipenda shule yake kwa namna ambayo hotuba haiwezi kuileta.

Dean Smith aliifundisha North Carolina kwa miaka 36, tangu 1961 hadi 1997, naye ndiye aliyemleta Charlie Scott. Alipofariki mwaka 2015 ilikutwa ameagiza kwamba kila mchezaji aliyewahi kuitumikia timu yake apelekewe hundi ya dola 200, akale chakula kizuri kwa gharama ya mwalimu wake. Dola hizo hazikumtajirisha mtu. Ziliwafikia watu wazima, wengine wenye wajukuu, zikawakumbusha kwamba palikuwa na mahali walipoitwa kwao. Chuo, shule au idara ya umma inayotaka kupendwa miaka hamsini ijayo haina budi kumlipa haki yake anayeitumikia leo, na kumwachia mtoto nafasi ya kutazama.