Kizuri hakikosi ila

Makala imenoga, mwandishi, ila umezisifia sana taa na vigae vya kituo cha City Hall, New York, ukapita mbio kwenye sababu ya kufungwa kwake. Kituo kilifunguliwa Oktoba 27, 1904, siku treni za chini ya ardhi za kampuni ya IRT zilipoanza kubeba abiria. Jukwaa lake limepinda kwa sababu treni hugeuzia hapohapo. Baadaye treni zilirefushwa na kuwekwa milango ya katikati, na kwenye kona kali kama ile mlango wa katikati huacha pengo la hatari kati ya behewa na jukwaa. Tena abiria walikuwa wachache: kituo cha Brooklyn Bridge kiko jirani, na treni za haraka zilisimama huko. Desemba 31, 1945 kikafungwa.

Hata hivyo, dari za Guastavino, vigae vyembamba vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka kwa saruji, bado zimesimama. Treni namba 6 hugeuzia kituoni humo hadi leo. Ukibaki ndani baada ya kituo cha mwisho, chungulia dirishani.