Ramani ya Nyumba ya Wazee Isilale Mezani



Kanisa letu lina kiwanja, na lina wazee wasio na wa kuwatunza. Ramani ya kwanza ya nyumba yao ilipitishwa ikiwa na orofa tatu na ngazi ndefu. Tulipoiweka mbele ya wazee wenyewe na wauguzi wanaowahudumia, walituuliza swali lililotunyamazisha: asiyeweza kuinua mguu atapandaje kwenda kulala, na moto ukizuka usiku ni nani atakayembeba? Tukairudisha kwa msanifu. Ramani mpya haina orofa. Vyumba vimezunguka ua mmoja, milango inapitisha kiti cha magurudumu, na mahali pa ngazi pana njia ya mteremko.

Lakini jengo hili jipya limetanda kuliko lile la kwanza, nacho kiwanja kimo katika eneo lililotengewa makazi. Kwa hivyo ilitupasa kuomba idhini upya. Wiki ya saba sasa inakatika, na kila tukienda ofisini twaambiwa, "Njooni wiki ijayo." Pembeni tumekwisha kudokezewa kwamba faili husonga upesi ikisindikizwa na chai.

Baadhi yetu wamechoka. Wapo wasemao tutoe hiyo chai, kwani wazee hawawezi kungoja. Wapo wasemao tuanze kujenga usiku na mchana, kwani nani atathubutu kubomoa nyumba ya kanisa? Tunawaelewa, lakini hatukubaliani nao.

Tukumbuke tulikotoka. Hadi mwaka wa 1997, mkutano wa hadhara katika nchi hii ulihitaji leseni, na leseni hiyo ilitolewa au kunyimwa kwa hiari ya mkubwa. Tulichokipinga hakikuwa utaratibu. Tulipinga utaratibu uliogeuzwa kuwa mali ya mtu. Mwaka wa 1989, Wangari Maathai alipopinga jumba la orofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, hakudai kwamba ujenzi usiwe na sheria. Alidai kwamba wananchi waulizwe kabla ya ardhi yao kugawanywa. Je, sisi tuliomsifu tutajenga bila kuwauliza majirani zetu?

Majirani hao wana maswali. Maji taka yataelekea wapi? Magari ya wageni yataegeshwa wapi? Hayo ni maswali ya haki, nayo yanastahili majibu hadharani, wala si bahasha chini ya meza. Anayenunua idhini leo humfundisha mnyakuzi wa ardhi bei ya kesho.

Hata hivyo, subira yetu isichukuliwe kuwa unyonge. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka na kwa uadilifu, na kupewa sababu kwa maandishi anapodhurika na uamuzi wao. Nayo Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, idhini itachukuliwa kuwa imetolewa. Akikataliwa, ana siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti, na juu ya kamati hiyo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kwa hivyo tumeazimia mambo matatu. Kwanza, hatutatoa hata senti moja isiyo na risiti. Pili, tumeandika barua kudai jibu la maandishi, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa tunayo. Tatu, Jumapili ijayo baada ya ibada, ramani itabandikwa ukutani, na majirani wote, wa dini yoyote na chama chochote, wanakaribishwa kuiona, kuihoji na hata kuipinga. Siku 60 zikitimia katika kimya, sheria itasema kwa niaba yetu. Lakini tungependelea kujengewa msingi na jibu kuliko kujengewa na kimya.

Wahenga walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nyumba ya wazee isiyo na idhini halali ni nyumba ambayo mkubwa yeyote aweza kuwatoa humo siku moja kwa karatasi moja. Wazee hawa wamehamishwa vya kutosha maishani mwao. Tunataka wakiingia humo waingie kwa haki, na asiwepo wa kuwaondoa.

Basi nanyi wenzetu mlio na maombi yaliyolala katika ofisi za kaunti zenu, hesabuni siku, wekeni nakala, na daini jibu la maandishi. Vyama vingi tulivipata. Ofisi zinazomjibu mwananchi ndizo tunazodai sasa.