Sadaka Isiyo na Sitara

Mto Tana una tabia yake. Ukifurika huchukua mashamba, mifugo na nyumba. Ulifanya hivyo mwaka 2018, ukarudia mwishoni mwa 2023. Maji yakishakupwa, mtu hulima upya. Lakini siku hizi mafuriko huacha kitu kisichoondoka na maji, nacho ni picha.

Gunia la unga lifikapo Garsen, simu nayo huandamana nalo. Mama hupigwa picha akipokea kibaba chake, ushungi umemwanguka, watoto wako nusu uchi. Kabla ugali haujaiva, picha hiyo imekwisha kuenea katika intaneti hadi Nairobi na Maskati, pengine pamoja na jina lake na la kijiji chake.

Namjua msichana mmoja wa huku aliyepigwa picha namna hiyo mwaka 2018, angali mtoto. Sasa ni mwanamwali. Posa ilipokuja, wabaya wake waliifukua picha ile wakaitembeza kwa kicheko. Njaa ile ilikwisha zamani. Fedheha ndiyo kwanza inakua.

Najua nitajibiwa kwamba wafadhili wanataka ushahidi, na kwamba mficha uchi hazai. Ni kweli. Lakini uchi huonyeshwa mkunga, hauonyeshwi soko zima. Yapigwe picha magunia, zipigwe mashua, yapigwe maji. Nyuso za watu ni za nini? Asiyeamini na atume mtu aje kuhesabu.

Sisi Waislamu tumefundishwa katika Sura ya Nur kwamba nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi, na katika Baqara kwamba sadaka apewayo fukara kwa siri ni bora kuliko ya hadharani. Serikali nayo haikunyamaza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka ridhaa ya mzazi kwa habari za mtoto. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Ikiwa mtoto wa Nairobi ana haki hii, mtoto wa hemani je?

Ndugu wasomaji, mto utafurika tena. Mwenye kutoa na atoe. Ila afikapo penye hema apige hodi, na simu aiache mfukoni.